Bwana Afya Yuko Wapi?

Mtu mzima akikuambia kwamba kila jioni, baada ya swala ya magharibi, huchukua daftari na kalamu akazunguka uani kuandika mahali alipolala kobe, una haki ya kucheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama ningesikia habari hiyo juu ya mwenzangu. Lakini ndiyo kazi ninayoifanya tangu mwaka 2007. Mke wangu ameshazoea. Majirani nao wameshazoea, ingawa bado yupo mmoja anayeniuliza, kila tukikutana dukani, kama nimemlipa kobe mshahara wa mwezi huu.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Muheza. Nilipoijenga nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mshahara ule kiwanja kilikuwa kikubwa kuliko uwezo wangu. Uwanja wa nyuma una kama hatua 50 kwa 30, umezungukwa na ukuta wa matofali ya saruji. Ndani yake mna mwembe, mpera, mstafeli, tuta la mchicha, banda la kuku, shimo la taka, na rundo la matofali yaliyobaki baada ya ujenzi, ambayo nimekuwa nikiahidi kuyatumia kwa miaka thelathini sasa. Chini ya ukuta, upande wa bondeni, niliacha tundu la kutolea maji ya mvua.

Kwa tundu hilo ndimo alimoingia mgeni wetu. Ilikuwa ni wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa mwaka 1997, wakati ambapo maji yalikuwa yakipita kila mahali bila kubisha hodi. Asubuhi moja kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuja mbio jikoni akasema kuna jiwe linatembea. Tulipokwenda kutazama tukamkuta kobe, urefu wake haukuzidi shibiri moja, rangi yake kama jani kavu la mwembe, anakwenda kando ya ukuta. Alipofika pembeni alisimama, akainua shingo, akatazama shimo la taka kwa muda mrefu. Kisha akaendelea hadi kwenye banda la kuku, akasimama tena, akatazama. Kutoka hapo alikwenda chooni.

Mke wangu alicheka akasema, "Huyu ni bwana afya. Amekuja kukagua."

Jina likamshika. Tangu siku hiyo akawa Bwana Afya, na mwanangu akamchukua kuwa wake.

Baadaye nilijifunza kwamba hakuwa kobe wa aina ile kubwa yenye madoa ya njano inayoonekana mara nyingi kwenye picha. Yeye ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Kinixys, na ukitaka kumtambua mtazame nyuma. Gamba lake la mgongoni, sehemu ya nyuma, lina bawaba. Akiogopa hulishusha, akafunga mlango juu ya miguu yake ya nyuma kama mtu anayeshusha dirisha la duka. Chakula chake si majani tu. Hula mapera yaliyoanguka, uyoga, konokono, hata majongoo ambayo kuku wenyewe huyaacha. Kwa nyumba yenye tuta la mchicha, mgeni wa namna hii ni neema.

Shida yake ilikuwa moja. Alikuwa haonekani.

Watu husema kobe ni mwendo wa pole. Maneno hayo husemwa na watu ambao hawajawahi kumtafuta kobe. Umwache hapo penye mpera, uingie ndani kunywa maji, utoke, hayupo. Haendi mbio, lakini hasimami kukungoja, na akisimama ndipo anapopotea kabisa, kwa maana hakuna kinachofanana na jani kavu kama kobe aliyetulia. Jioni nyingi nilikuwa nikizunguka na tochi huku nikiwa nimekwisha kumkanyaga kwa macho mara tatu. Nami nilihofia mambo mengi: mbwa wa jirani, tundu la maji, na watoto wa mtaani.

Mwanangu hakuwa na hofu. Alichukua daftari la shule lililobaki kurasa, akaandika juu yake "Bwana Afya", akaanza kuandika. Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mstafeli. Saa nne, shimo la taka, anakula konokono. Saa saba, jua kali, hayupo. Saa kumi na moja, kando ya ukuta wa choo. Kila siku mistari minne au mitano. Nilidhani ni mchezo wa wiki moja.

Mwaka uliofuata, katika masika, alikuja na wazo jingine. Mke wangu alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani. Mtoto akamwomba mama yake bobini moja mbovu na uzi ambao hauna kazi. Akapitisha waya mwembamba katikati ya bobini ili iweze kuzunguka, akaibandika juu ya gamba kwa plasta ya vidonda, na ncha ya uzi akaifunga kwenye shina la mpera. Kobe akitembea, uzi unajifungua nyuma yake. Siku ya kwanza aliibandika nyuma kabisa, juu ya bawaba, na kobe akashindwa kujifunga vizuri alipostushwa na jogoo. Mtoto aliona, akaibandua, akaihamishia mbele kidogo, ubavuni. Hakumwachia uzi usiku, wala siku ambazo mwenyewe hayupo nyumbani, maana alisema uzi unaweza kumnasa mguu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu wa Marekani walikuwa wakiwafuata kasa wa nchi kavu kwa njia hiyohiyo ya uzi tangu miaka ya 1920. Mwanangu hakusoma mahali popote. Alikuwa mtoto wa mama fundi cherehani.

Jioni ya siku ya kwanza alinishika mkono akanipeleka kuufuata ule uzi. Nilikuwa nafundisha jiografia wakati huo, na kila mwaka niliwachosha watoto wa watu kwa somo la ramani. Hapa ramani ilikuwa imechorwa chini, nyeupe juu ya udongo mwekundu. Ilitoka kwenye mpera, ikapita kando ya ukuta, ikazunguka shimo la taka mara mbili, ikakata tuta la mchicha kwa pembeni, ikaingia baina ya matofali yaliyorundikwa, ikatoka, ikarudi kwenye mpera. Siku ya pili alitumia uzi wa bluu, na siku ya tatu mwekundu. Nyuzi tatu zilikaribia kulaliana. Niliyemdhania kuwa anazurura, kumbe alikuwa na njia zake, kama mimi nilivyokuwa na njia yangu ya kutoka nyumbani kwenda shule na kutoka shule kwenda msikitini.

"Unaona, Baba," akaniambia. "Hapotei. Sisi ndio tunaompoteza."

Nilimpigapiga begani, nikamwambia aende akaoge. Leo natamani kama ningekaa naye pale chini kwa muda zaidi.

Mambo yaliharibika mwaka 2001. Miaka ile kobe hai walikuwa wakisafirishwa kutoka nchini kwetu kwenda ng'ambo, kuuzwa kwa watu wanaopenda kufuga wanyama wa ajabu. Mwezi wa Mei alipita mtaani mtu mwenye baiskeli na gunia, akiuliza nyumba hadi nyumba kama kuna mwenye kobe. Alipofika kwangu aliniahidi shilingi elfu mbili. Nikakataa. Akatazama uwanja wangu kutoka langoni, akatabasamu, akaenda zake. Tabasamu lile sikulipenda. Usiku sikulala vizuri.

Asubuhi yake mwanangu alipokwisha kwenda shule, nilichukua keke niliyoiazima kwa seremala, nikamweka kobe juu ya tofali, nikamtoboa tundu kwenye ukingo wa gamba, upande wa nyuma. Nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo, na niliamini gamba la kobe ni kama pembe au ukucha, kitu kisicho na uhai. Alitoa sauti, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Palitoka tone la damu. Nilishangaa kidogo, nikalifuta kwa kitambaa, nikapitisha kamba ya katani, nikamfunga kwenye mpera. Kisha nikaenda kazini nikiwa na moyo mtulivu. Nilijua alipo.

Sasa naijua habari ya gamba la kobe, na sitaki kuificha. Si nyumba aliyoivaa. Ni mifupa yake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake kuna ngozi ngumu kama ukucha, lakini chini ya ukucha mna damu na mna maumivu. Anahisi hata ukimgusa kwa unyoya. Mimi nilikuwa nimemtoboa mfupa.

Siku ile, ingawa ilikuwa katikati ya masika, jua liliwaka. Kobe alizunguka mpera kwa upande mmoja, kama wafanyavyo wanyama wote waliofungwa, kamba ikajiviringisha kwenye shina mpaka pua yake ikagota kwenye gome, upande ambao hauna kivuli. Mwanangu alirudi shuleni kabla yangu. Alipomkuta, alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akamhamishia penye baridi, akamnyunyizia maji. Nami nilipofika na kuona kamba imekatwa, sikuuliza. Nilimchapa viboko vinne kwa kukata kitu nilichokifunga mimi.

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo nilikuwa nikiipenda sana siku hizo. Mwalimu ni mtu hatari akiwa na methali mkononi na fimbo katika mkono wa pili.

Sikumfunga kobe tena. Badala yake nilichukua tofali na udongo wa saruji, nikaziba tundu la maji. Mwanangu hakusema neno. Aliendelea na daftari lake, lakini hakuniita tena kutazama uzi. Kila jioni nilimuuliza, "Bwana Afya yuko wapi?" naye akanijibu, "Yuko shimoni," au "Yuko kwa kuku," au wakati mwingine "Amelala." Nikisikia jibu, niliridhika, nikageukia redio yangu. Kwa karibu miaka mitano, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Nikitazama nyuma sikumbuki kama niliwahi kumuuliza swali jingine ambalo sikuwa na jibu lake tayari.

Mwaka 2006 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, na hakupata alama za kuendelea. Nilitaka arudie mtihani. Yeye alitaka kujifunza ufundi wa umeme. Nilimwambia kwamba mtoto wa mwalimu hapandi nguzo. Nilisema na mengine ambayo si ya kuandikwa. Siku ya tatu, alfajiri, nilikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri, na shati lake la shule limekunjwa juu ya mto. Alikwenda Dar es Salaam. Nilijua hivyo tu, tena kwa mtu aliyemwona stendi.

Hasira ya mzazi ni kitu kizito kubeba, na mtu akikibeba peke yake hutafuta pa kukitua. Mimi nilikitua kwa kobe. Jioni ile ile nilitoka na tochi kumtafuta. Kesho yake vivyo hivyo. Nilizunguka uwanja wote nikiinama chini ya kila mti, na nisipomwona nilikosa usingizi. Mwezi mzima ulipita, kisha wa pili, kisha wa sita. Jioni moja mke wangu alisimama mlangoni akanitazama ninavyotambaa kando ya banda la kuku, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, kobe unamtafuta kwa tochi. Na mwanao je?"

Sikumjibu. Nilizima tochi nikakaa gizani.

Ikaja kaskazi ya mwanzo wa mwaka 2007. Joto lilikuwa kali, udongo ukapasuka, mchicha ukakauka. Na Bwana Afya akatoweka. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilipekua kila kona. Niliulizia kwa majirani. Nilimkumbuka mtu mwenye gunia, ingawa alikuwa hajapita kwa miaka mingi. Mwishowe nilifikiri kwamba amekufa mahali fulani chini ya ardhi, nikachukua jembe. Nilikusudia kuanzia kwenye rundo la matofali na kufukua uwanja wote.

Jembe lilikuwa limelegea mpini. Nilikwenda chumbani kwa mwanangu kutafuta nyundo aliyokuwa akiitumia, na ndani ya sanduku la bati, chini ya nyundo, nikakuta madaftari. Yalikuwa manne. Nilikaa kitandani kwake nikaanza kusoma, na jembe likabaki nje.

Msomaji, mimi nimesahihisha madaftari ya watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Sijapata kusoma daftari kama lile. Alikuwa ameandika kila siku, tangu alipokuwa na miaka tisa hadi usiku wa kuamkia safari yake. Mwandiko ulikua mbele ya macho yangu. Na kila mwaka, Januari ilipofika, kulikuwa na neno lilelile: "Hajaonekana." Hajaonekana, hajaonekana, ukurasa mzima. Mwaka 1999 aliandika kwamba amemgundua: amejifukia chini ya matofali, mahali ambapo uzi ulikuwa ukiingia. Pembeni akaongeza kwa herufi kubwa, kama anayejionya mwenyewe: "USIMCHIMBE. ATATOKA MVUA IKINYESHA." Na chini yake, tarehe ya mwezi Machi: "Katoka. Amekunywa maji mengi sana."

Kobe wa aina hii, wakati wa kiangazi, hujizika ardhini akalala hadi mvua irudi. Hilo ni jambo linalojulikana. Mwanangu alikuwa akinijibu "Amelala" kila mwaka, nami nilidhani anasema habari ya usiku ule.

Kisha nilitafuta ukurasa wa Mei 2001. Niliutafuta kwa hofu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wadaiwa. Uliandikwa hivi: "Leo ametobolewa gamba. Alikuwa kwenye jua. Nimemfungua. Saa kumi amekula pera nusu." Basi. Viboko havikutajwa. Mtu aliyefanya jambo hilo hakutajwa pia.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Mke wangu alikuja kuniita chakula, akaona madaftari mapajani mwangu. Hakuniuliza kitu. Aliketi kando yangu, akaniambia aliyokuwa ameyanyamazia kwa miezi kumi. Mtoto yuko Temeke, anajifunza kazi kwa fundi wa umeme. Humpigia simu kila Ijumaa kwa simu ya jirani. Yeye humtumia mabumunda kwa basi, na mara nyingine pilipili ya kusaga, kwa sababu anasema ya Dar haina ukali. Alijua anaumwa lini, na viatu vyake vimetoboka upande gani. Hakuwahi kutoka na tochi.

Aliyekuwa hajui alikuwa ni mimi peke yangu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda naye kwa jirani. Walizungumza, kisha akanipa simu. Sisi sote wawili tulinyamaza. Nilisikia magari nyuma yake. Hatimaye akasema:

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza, "Bwana Afya yuko wapi?"

Lilikuwa swali langu, nami sikuwahi kujua lina uzito gani mpaka nilipotakiwa kulijibu.

"Yuko chini ya matofali," nikasema. "Sijamchimba."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Bado ana lile tundu?"

"Bado analo. Mimi ndiye niliyemtoboa."

"Najua, Baba."

Muda wa maongezi ulikwisha hapo, au huenda jirani alikuwa na vocha ndogo. Lakini nilirudi nyumbani nikanunua daftari njiani, na jioni hiyo nikaandika mstari wa kwanza: "Hajaonekana." Mvua zilipoanza kunyesha mwishoni mwa Machi, nilikuwa nimekaa kibarazani na mwavuli. Udongo kando ya matofali ulisogea. Alitoka amejaa tope, akaenda kwenye dimbwi la kwanza, akazamisha kichwa, akanywa kwa muda mrefu sana, kama ilivyoandikwa.

Mwanangu alikuja Idi ya mwaka huo. Hakukaa ila siku tatu. Tulizunguka uwanja pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, na sikumwambia lolote kuhusu mitihani.

Limebaki jambo moja la kueleza, nalo ni lile tundu la ukuta. Mwaka 2009 ilitungwa sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori, na mwenzangu mmoja mstaafu alinieleza kwamba mtu hawezi kumfungia mnyama wa porini nyumbani kwake bila kibali. Nilifikiri sana. Nilijiuliza kama mimi nafuga kobe au nimemfungia. Aliingia mwenyewe, ni kweli. Lakini mlango aliouingilia niliuziba mimi.

Niliwahi kufika kisiwa cha Changuu, Unguja, kuwaona wale kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Magambani wameandikwa umri wao kwa rangi, nao wamezungushiwa ua, kwa sababu katika miaka ya 1990 wezi walikuwa wakiwaiba. Sina neno juu ya ua ule. Wale ni wageni kisiwani, hawana pori la kurudia. Lakini Bwana Afya pori lake liko hapo ng'ambo ya ukuta, hatua chache tu. Siku hizi nasikia wataalamu hubandika kifaa kidogo cha redio juu ya gamba, wakajua mnyama alipo bila kumzuia kwenda. Mimi sina redio ya namna hiyo, na nyuzi zilikwisha zamani. Nina daftari.

Basi mwaka 2011, kabla ya vuli, nilichukua patasi na nyundo, ile nyundo ya mwanangu, nikazibua tundu. Nilimpigia simu kumwambia. Alicheka, akasema, "Sasa utamjuaje alipo?" Nikamwambia, "Nitajua anachokipenda." Niliacha mapera chini ya mti bila kuyaokota, na rundo la matofali sikuliondoa. Mke wangu anasema hiyo ni hekima iliyozaliwa na uvivu. Huenda ni kweli.

Mara ya kwanza alitoka Novemba akakaa siku kumi na tisa nje. Nilizihesabu. Asubuhi ya ishirini nilimkuta penye shimo la taka, anakagua. Tangu hapo amekuwa akienda na kurudi. Miaka mingine hukaa kwangu masika yote. Miaka mingine namwona mara mbili tatu. Namtambua kwa lile tundu kwenye ukingo wa gamba. Ni alama isiyofutika, na sina budi kukiri kwamba ndiyo inayonihakikishia kuwa ni yeye. Sijui niseme nini juu ya jambo hilo, ila kila nikimwona, naliona tundu kwanza.

Mwanangu sasa ana mafundi wanne chini yake, na watoto wawili. Hupiga simu Ijumaa baada ya swala. Hanielezi kila kitu, nami simuulizi kila kitu. Simuulizi pesa zake ziko wapi, wala alikuwa wapi Jumatano nilipompigia asipokee. Humuuliza amekula nini. Mtu akikuambia amekula nini, na pamoja na nani, amekuambia mengi. Kisha yeye huniuliza swali letu, nami hufungua daftari nikamsomea.

Jioni ya leo nimezunguka kama kawaida. Ni Februari, kaskazi inavuma, udongo umekauka. Nimetazama chini ya mpera, kando ya banda, kwenye tundu la ukuta, na kwenye matofali ambayo sasa yameota nyasi. Sijui kama yuko chini yake au yuko porini. Nimeandika "Hajaonekana", nikafunga daftari, nikaingia ndani kula. Jembe liko stoo, na mpini wake umelegea hadi leo.